Udi wa Saa Kumi

"Mimi na sigara tumeachana kwa talaka tatu," alisema Abuu, mguu mmoja juu ya kochi la mteja, mkono kiunoni, sauti ikivuka barabara. "Siyo moja ya hasira, siyo mbili za kutishia. Tatu kamili. Hata nikikutana nayo njiani, tunapishana kama watu wasiojuana."

Abuu alikuwa fundi makochi, na karakana yake iko Magomeni, Magomeni hii ya Bagamoyo, si ile ya Dar. Aliyekuwa akimsikiliza ni Sufiani, muuza vipuri vya pikipiki wa duka la jirani, ambaye asubuhi ile hakuwa na mteja na kwa hiyo alikuwa na muda wa kumchokoza mtu.

"Na edda yake inaisha lini?" aliuliza Sufiani.

"Edda ya nini, na talaka ni tatu?"

"Hata wa talaka tatu anakaa edda, bwana. Miezi mitatu. Kaulize."

"Basi akae yeye. Mwanamke ni sigara, si mimi."

Hiyo ilikuwa saa nne. Saa saba na robo, wali wa nazi na changu ukiwa bado haujatulia tumboni, Abuu alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa duka la Sufiani, amefumba macho, moshi ukimtoka puani. Amemrejea mtalaka wake bila kadhi wala shahidi.

Mtu mzima wa miaka thelathini na minane hajifichi nyuma ya ukuta kwa kupenda. Kisa kilianza Pangani, ukweni, Idi ya mwaka jana. Abuu alikwenda kusalimia, akashiba, akaona haya kuvuta mbele ya mama mkwe. Akaingia chumba cha uani akavutia dirishani. Kwenye dirisha lile palitundikwa buibui la mama mkwe, la hariri, alilonunuliwa Makka na marehemu mumewe. Ikaruka cheche moja tu. Tundu lake halikuzidi jicho la samaki kibua.

Mama mkwe hakugomba. Alilivaa buibui lile na tundu lake msibani, harusini, kwenye maulidi, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa upole, "Mkwe wangu huyo." Pangani yote ikamjua Abuu kwa tundu kabla ya kumjua kwa sura.

Mkewe, Wahida, alirudi Bagamoyo kuchukua nguo zake tu. Akakaa kwao miezi miwili na siku tisa. Abuu alikula chipsi mayai mpaka muuza chipsi akamwuliza kwa huruma, "Kaka, pole, kwenu kuna msiba?" Mwisho alikwenda kumlilia Mzee Mwinshehe, baba yake mkubwa, mzee wa watu mwenye shamba la mananasi Kiwangwa na wake wawili wanaosikilizana. Mzee alifunga safari hadi Pangani, akazungumza, akaweka dhamana ndevu zake nyeupe. Wahida akasema mbele ya wote:

"Baba, mimi sitaki mengi. Akivuta sigara tena narudi hapa, na safari hiyo usijisumbue kunifuata."

"Akivuta tena," alisema Mzee Mwinshehe, "nitakurudisha mimi mwenyewe, kwa gari langu."

Basi hapo ndipo alipotokea Najim, binamu wa Abuu anayefanya kazi Maskati, kaja likizo na begi la vitu vya ajabu. Alimletea Abuu kimashine cheusi, kipana kidogo kuliko kalamu, chenye kisanduku chake cha chaji na katoni ya vijiti vifupi vya tumbaku. Unachomeka kijiti, unabonyeza, kinatetemeka kama simu msikitini, unavuta. Hakuna kiberiti. Tumbaku haiungui, inapashwa moto tu.

"Kule watu wote wa maana wanatumia hiki," alisema Najim.

"Na sigara wameacha?" aliuliza Abuu.

Najim alitazama pembeni. "Wengine," alisema.

Abuu alimpelekea Wahida kimashine kama mtu anayepeleka cheti. Wahida alikigeuza, akakinusa, akakunja pua.

"Kinanuka kama mahindi yaliyoshika chini ya sufuria."

"Lakini hakina jivu, mke wangu. Hakina cheche."

Wahida alifikiria buibui la mama yake. "Hakina cheche," alikubali. "Basi uani, si ndani. Na ni hiki tu, Abuu. Si hiki na ile."

"Hiki tu! Ile nimeipa talaka tatu."

Neno hilo lilimtoka kwa bahati, likamnogea, ndiyo akaanza kulitembeza mji mzima.

Tatizo la kimashine lilikuwa adabu yake. Kilikuwa na adabu mno. Ukimaliza kijiti kimoja, lazima kirudi kwenye kisanduku kikapumzike. Umeme ukikatika kinawasha taa nyekundu na kukutazama. Sigara haijawahi kumwomba mtu chaji. Halafu ipo saa ya baada ya chakula, saa ambayo kimashine kinaonjesha tu na sigara ndiyo inayoshibisha. Abuu alijaribu siku mbili. Siku ya tatu alijiambia atavuta sigara moja baada ya kula, na kimashine kitafanya kazi zilizobaki. Ya pili ikaja na chai ya saa kumi. Ya tatu ilikuwa ya kuondoa hamu ya kimashine, maana kimashine nacho kilimtia hamu.

Sufiani alimhesabia siku moja, akikunja vidole vyenye grisi.

"Zamani ulikuwa unavuta ngapi?"

"Kumi."

"Leo?"

"Vijiti kumi na viwili. Na sigara… saba hivi."

"Kumi na tisa. Ndugu yangu, wewe umeacha kwa kuongeza."

"Napunguza taratibu."

"Kama kumi na tisa ndiyo taratibu, mbio zako Mungu atuepushie."

Kuvutia karakanani kulikuwa mwiko. Kwenye sponji, pamba na gundi ya makopo, njiti moja ya kiberiti inatosha kuwapa watu habari ya kusimulia miaka. Na ukuta wa Sufiani ulikuwa wazi upande wa shule. Bagamoyo ni mji ambao ukikohoa Dunda, shangazi yako anakupigia simu kutoka Kaole kukuuliza umekunywa nini. Basi Abuu akaanza kwenda Zinga. Kila siku saa tisa na nusu anapanda pikipiki, anatangaza, "Nafuata mbao!" na kweli njia ya Zinga ina mbao, ila yeye hakuwahi kurudi nazo.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi moja ya ufundi ambayo, kama angeifanya kwenye makochi, angekuwa tajiri. Alifumua bitana ya kofia yake ya viua, akashona ndani kimfuko chembamba, mshono usioonekana hata ukiutafuta kwa tochi. Kimfuko kilibeba sigara moja, imelala kando ya kisogo kama mtoto aliyebembelezwa. Wahida angeweza kupekua mifuko ya suruali, soksi, hata chini ya kiti cha pikipiki. Nani anapekua kofia ya Muislamu?

Huko Zinga alijipatia kichaka cha migomba nyuma ya nyumba moja ya udongo, akavuta siku mbili kwa raha. Siku ya tatu migomba ilisogea, akatokea bibi mwenye mkongojo.

"Shikamoo bibi!" alisema Abuu, sigara mgongoni.

"Marahaba. Umepotea njia au umepotea choo?"

"Napumzika tu, bibi."

"Pumzi gani hiyo inafuka?" Bibi alimsogelea, akamnusa begani kama anayekagua samaki. "Hilo shati litakusema kabla hujafungua mdomo. Sikuulizi unamkimbia nani. Vua."

Huyo ndiye Bi Mwanamvua, mjane, muuza udi. Aliupika mwenyewe udi wa kuunga, na nyumba yake ilinukia kutoka barabarani. Alipuliza makaa kwenye chetezo, akatia kipande cha udi, akapindua kikapu juu yake, akatandika shati la Abuu juu ya kikapu. Moshi ukapanda kwenye uzi, ukaingia mikononi, ukaingia kolani.

"Na kofia," alisema Bi Mwanamvua.

"Kofia hapana, bibi."

"Ndiyo inayonuka kuliko shati."

Akamvua mwenyewe, akaipapasa, vidole vikasimama kwenye bitana. Alitabasamu kidogo tu, akaiweka juu ya kikapu.

Tangu siku ile ikawa ratiba. Saa kumi kasoro sigara mgombani, saa kumi udi. Abuu alikaa uani kwa bibi na fulana yake, akichaji kimashine kwenye waya wa bibi, akisubiri shati. Kwa shukrani kila siku alinunua kikopo cha udi, kikopo kidogo kilichofungwa kitambaa na uzi wa kijani. Alivitia chini ya kiti cha pikipiki. Kupeleka nyumbani aliogopa, Wahida angemwuliza ametoka wapi nao.

Sasa hapa ndipo ilipo akili ya Abuu. Mtu huyu akibonyeza sponji kwa kidole gumba anakwambia ni ya aina gani na itabonyea mwaka gani. Lakini udi aliona ni udi tu. Alikua kwenye nyumba za watu wanaofukiza, amelala kwenye shuka zilizofukizwa, ameoa binti wa Pangani, na hakuwahi kujua kwamba udi wa kuunga una mkono, kama maandishi yalivyo na mkono. Huyu anazidisha sandali, yule anaunguza sukari kidogo, mwingine anatia marashi kabla haujapoa. Wa kwao Wahida una kitu cha mwisho ambacho mama humtajia binti siku ya kuolewa na hakitajwi tena. Na juu ya yote hayo, mwanamume hajifukizi mwenyewe saa kumi ya alasiri. Mwanamume anafukiziwa. Shati likirudi nyumbani na udi mbichi, lipo jiko mahali fulani lililopuliziwa makaa, na yupo mwanamke aliyeinama kuyapuliza.

Siku ya kwanza Wahida alipopokea shati lile alilinusa, akalinusa tena, akalitundika peke yake mbali na nguo nyingine. Siku ya nne alikuwa hana shaka. Ni mkono mmoja, wa mtu anayejua kazi, na si mkono wa kwao.

Hakuuliza. Alinyamaza na akazidi kupika. Samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, pilau yenye nyama nyingi kuliko mchele. Mwanamume mwenye akili, mkewe akinyamaza na pilau ikazidi nyama, hutoka mbio. Abuu alikamua ndimu, akasema, "Mashallah," akaongeza sahani.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, Wahida alitafuta tambara la kufutia dirisha. Akainua kiti cha pikipiki. Akakuta vikopo tisa vya udi, vimepangwa vizuri, vina uzi wa kijani. Tisa, na yeye hakuletewa hata kimoja.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, Abuu aliitwa ukumbini. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri na pangaboi limesimama. Kwenye kochi kubwa, kochi alilolishona mwenyewe, alikaa Mzee Mwinshehe na fimbo yake. Pembeni alikaa Bi Hajra, shangazi yake Wahida, aliyefika na basi la asubuhi kutoka Pangani. Bi Hajra alikuwa amevaa buibui la hariri lenye tundu.

"Wifi kasema nije nalo," alisema, akilikunjua tundu vizuri gotini. "Kasema na lenyewe lisikilize."

Abuu alihisi sigara ya kofiani ikiwa nzito kama tofali. Alikaa kwenye stuli.

"Haya, mwanangu," Mzee Mwinshehe alimwambia Wahida. "Umetuita."

Wahida alikuwa amejifunga kanga, mikono mapajani, macho makavu. "Baba, sitazungusha. Mwenzangu kaoa."

Abuu alifungua mdomo na mdomo ukabaki wazi.

"Ah," alisema Mzee Mwinshehe, akaegemea nyuma. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu?" Bi Hajra aligeuka mzima mzima. "Mwinshehe, unasema ni hilo tu?"

"Nasema… nilidhani ni ile habari nyingine. Maana ile habari nyingine nimeweka ndevu zangu."

"Wiki mbili anarudi na udi mbichi shatini," alisema Wahida. "Udi si wangu. Vikopo tisa kaficha kwenye pikipiki. Namwuliza mbele yenu, huo udi wa nani? Kama kuna mwanamke aseme. Mimi sikuolewa kwa sharti la kuwa peke yangu. Sharti langu Pangani lilikuwa moja, mnalijua. Lilikuwa sigara."

Ndani ya kichwa cha Abuu kulikuwa na mbio. Akisema kweli, kwamba udi ni wa kuficha sigara, gari la Mzee Mwinshehe liko nje na njia ya Pangani haina foleni. Akisema ana mke wa pili, Wahida kishasema atakaa. Atanuna, ndiyo. Lakini atakaa. Na mke mwenyewe, kwa kuwa hayupo, ataachika kirahisi wiki ijayo. Abuu aliona mlango wazi na akaingia nao kichwa kichwa.

"Ni kweli," alisema, akainamisha macho. "Nimeoa."

Mzee Mwinshehe alikohoa. Ungemtazama vizuri ungeona anazuia tabasamu la mtu aliyeona damu yake imefuata mkondo. "Mtoto! Na mimi baba yako sikuarifiwa?"

"Ilikuwa haraka, baba."

"Anaitwa nani?" aliuliza Bi Hajra.

"Mwanvita."

"Mwanvita wa nani?"

"Binti… Abdillah. Wa Zinga. Ndani, ndani kabisa, huwezi kumjua."

"Mahari?"

Abuu alitazama alichokalia Mzee Mwinshehe. "Kochi," alisema. "La watu watatu."

"Kochi?"

"Na stuli."

Bi Hajra alitazama tundu la buibui kama anayetaka ushauri wake. "Mwenyewe yukoje? Kijana?"

"Wa makamo. Maji ya kunde. Mtu wa dini."

"Anapika?"

"Anapika," alisema Abuu, akaona hapa ndipo pa kujitengenezea. "Lakini kwa Wahida hafiki hata robo."

"Ahsante," alisema Wahida. "Na udi anauchoma mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Kila saa kumi."

"Kila saa kumi, mke wangu. Nisamehe."

Wahida aligeuka kuelekea pazia la chumbani. "Haya, mke mwenzangu. Pita ukae, usisimame huko."

Pazia likasogea. Kwanza ukatoka mkongojo, kisha chetezo kinachofuka, kisha Bi Mwanamvua.

Mazoea ni kitu kibaya. Abuu aliruka kutoka kwenye stuli, akasema kama kila siku, "Shikamoo bibi!"

"Marahaba, baba," alisema Bi Mwanamvua.

"Subhanallah," alisema Bi Hajra. "Mkeo unamwamkia shikamoo?"

Mzee Mwinshehe alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi sasa, tabasamu limemkauka. "Bibi, wewe ndiye… Mwanvita?"

"Mimi Mwanamvua, muuza udi. Mume wangu yuko makaburini mwaka wa ishirini huu, na hakunioa kwa kochi." Bi Mwanamvua aliketi polepole, akaweka chetezo chini, akatoa mkobani kikopo chenye uzi wa kijani. Alifungua kitambaa, akakimimina juu ya meza. Hakukuwa na udi. Vilikuwa vichungi vya sigara, vingi, vingine bado vina udongo wa mgombani.

"Nimefagia," alisema. "Nilijua ipo siku vitaulizwa. Kijana huyu anakuja kwangu kuvuta. Akimaliza namfukizia shati. Halafu anavuta na kile kidude chake cha umeme akisubiri. Mimi nilidhani anamficha mama yake."

Wahida hakutazama vichungi. Alimtazama Abuu.

"Nilimwuliza muuza udi wa sokoni uzi wa kijani ni wa nani, akanielekeza. Alhamisi nilikwenda Zinga," alisema. "Nilikwenda nimevaa vizuri, Abuu. Nimejipaka wanja. Nilitaka nimwone huyo aliyenishinda. Wiki mbili silali, usiku kucha nakunusa shati, najiuliza nimepungukiwa nini. Nafika, namkuta bibi yangu huyu anapuliza makaa. Nikakaa chini nikacheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui. Kumbe nimeshindwa na kijiti cha sigara."

Abuu alitazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza katika mkasa wote hakuwa akitafuta la kusema.

"Ungesema kweli leo," alisema Wahida, "nilishajiandaa kukusamehe. Ukaona bora unizulie mke."

Mzee Mwinshehe alisimama, fimbo ikigonga sakafu. "Mwanangu, ndevu zangu ziko kwako. Gari liko nje. Ukitaka Pangani, twende sasa hivi."

"Wahida," alisema Abuu. Jina tu.

Wahida alikitazama chetezo. Moshi wa chetezo ulipanda wima, maana hapakuwa na upepo.

"Sirudi Pangani," alisema mwisho. "Nikirudi nitakuwa nimewaachia nyumba yeye na sigara zake. Begi liko tayari mlangoni, baba, lakini ni lake. Si anauambia mji mzima kaipa sigara talaka tatu? Basi akaikalie edda. Miezi mitatu, shambani kwako Kiwangwa, kwenye mananasi. Duka liko mbali na huko. Kidude nacho kinabaki hapa. Kuongeza si kuacha."

"Edda anakaa mwanamke," alisema Abuu kwa sauti ndogo.

"Kaa hivyo hivyo," alisema Bi Hajra.

"Akimaliza safi, arudi nimfukizie mimi," alisema Wahida. "Akivuta hata moja kuanzia sasa, hapo baba utanipeleka Pangani, na buibui hili nitalivaa mimi."

Mzee Mwinshehe alimtazama Abuu. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Nimekubali." Na hakika alikubali, machozi yalikuwa karibu. Lakini Abuu ni Abuu, akikubali jambo lazima alitie chumvi. Akasimama katikati ya ukumbi, akatoa kimashine akakiweka mezani. Akageuza mifuko ya suruali nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Akavua viatu, akavikung'uta. Akainua mikono.

"Tena niwaambie," alisema, na sauti ilianza kurudia ile ya karakanani, "kuanzia dakika hii mimi na sigara hatujuani. Sina hata moja. Nipekueni! Hapa nilipo sina sigara mwilini, na kama ninayo, naapa kwa—"

"Mwanangu," alisema Bi Mwanamvua kwa upole, akimnyooshea mkongojo kichwani, "usiape kwanza. Vua kofia."

Wahida alinyoosha mkono, kiganja juu, akangoja.

Abuu aliishika kofia kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa isipeperuke, na ukumbini hata pangaboi lilikuwa halizunguki.